Mthamini, Mpima au Mhandisi? Nani Umtume Kabla Hujanunua Nyumba

Ukishaonyesha kwamba nyumba umeipenda, iwe Goba, Tabata au Kigamboni jijini Dar es Salaam, dalali hatachelewa kukutolea karatasi. Mojawapo huwa ripoti ya uthamini: imefungwa vizuri, ina picha za rangi, ina mhuri, na kiasi cha mamilioni kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Utaambiwa, "Hii imeshakaguliwa, bosi. Benki yenyewe iliikubali." Wanunuzi wengi huacha kuuliza hapohapo. Lakini ripoti hiyo inaweza kuwa ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho na bado isiseme lolote kuhusu karo linalofurika kila masika, au ukuta wa uzio uliosimama ndani ya kiwanja cha jirani.

Kazi hizi zimegawanyika. Mthamini anakuambia nyumba ina thamani gani leo. Mpima ardhi anakuonyesha kiwanja kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mhandisi anakuambia kama jengo ni zima. Hakuna anayefanya kazi ya mwenzake, na sheria haimruhusu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ada ni kiasi gani, jiulize wewe unahofia nini kwenye nyumba ile. Hofu hiyo ndiyo itakayokuonyesha nani wa kumlipa.

Ripoti ya uthamini imeandikwa kwa ajili ya nani

Ukiishika ripoti, usikimbilie mamilioni. Tafuta kwanza mambo mawili: nani aliagiza uthamini, na kwa madhumuni gani. Kuna uthamini wa dhamana ya mkopo, wa kuhamisha milki, wa bima, wa fidia, wa kugawana mirathi. Nyumba ni ileile, ila kila ripoti inajibu swali la aliyeiagiza. Ile ya mkopo, hata kama ada imetoka mfukoni mwako, inamjibu mwenye benki: mkopaji akishindwa kulipa, mnadani tutapata nini? Ndiyo maana ina thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka, na hii ya pili huwa chini sana. Benki haitalala kwenye chumba chenye unyevu. Utalala wewe.

Tuchukue mfano wa kubuni tuone namba zinavyozaliwa. Nyumba ina mita za mraba 150 za sakafu, kiwanja kina mita 600, na mwenye nyumba anataka milioni 180. Kwa nyumba za kuishi mthamini hupenda kulinganisha na nyumba zilizouzwa jirani, lakini kwetu mauzo mengi hayaandikwi bei ya kweli, hivyo mara nyingi huishia kwenye hesabu ya gharama. Anakisia kwamba kujenga upya nyumba kama hii ni laki 7 kwa kila mita ya mraba, jumla milioni 105. Anatoa asilimia 20 ya uchakavu, zinabaki 84. Anaongeza kiwanja kwa laki moja kwa mita, milioni 60, halafu uzio, geti na kisima milioni 6. Jumla milioni 150.

Iangalie tena ile asilimia 20. Nyufa, bati lililotoboka, mbao zilizoliwa na mchwa, vyote vimo ndani ya asilimia hiyo moja, na mara nyingi imekisiwa kwa umri wa nyumba na macho ya saa moja. Mthamini hakupanda darini. Hakufunua chemba. Hakukosea pia, maana kazi aliyopewa haikuwa hiyo, na ukisoma kurasa za nyuma za ripoti utakuta ameandika wazi kwamba hakupima uimara wa jengo wala hali ya sehemu zilizofichika. Kurasa hizo watu hawazisomi. Zisome.

Mfano huohuo una jambo jingine. Kama benki inakopesha asilimia 80, haikopeshi asilimia 80 ya bei mliyokubaliana. Inaangalia thamani ya ripoti. Ulitegemea milioni 144, utapata 120, na pengo la milioni 24 ni lako, juu ya zile 36 ulizokwisha kuziandaa. Wapo waliotoa malipo ya awali kabla ya uthamini wakajikuta hawawezi kusonga mbele wala kurudi nyuma. Subiri uthamini, ndipo usaini.

Unapomchagua mthamini, hakikisha amesajiliwa. Tangu Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 ipo Bodi ya Usajili wa Wathamini, na si vibaya kumwomba namba yake ya usajili ukaiulizia. Benki zina orodha ya kampuni wanazozikubali. Ukiagiza kwa kampuni iliyo nje ya orodha hiyo utalipa mara mbili. Jambo jingine ni ada. Wapo wanaotoza asilimia ya thamani watakayoiandika. Sisemi wote wanapandisha namba kwa ajili hiyo, lakini mimi ningeomba ada ya jumla iliyotajwa kabla ya kazi. Na ripoti aliyoiagiza muuzaji ichukue kama maelezo ya muuzaji tu, hata iwe na mihuri mitano.

Upo pia uthamini wa kuhamisha milki, ambao hupitishwa na ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Huu hauna hiari. Ndio unaotumika kukadiria malipo ya serikali, ikiwemo ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyoipata muuzaji. Ile njama ya kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue haifiki mbali, maana ofisi inatazama thamani iliyopitishwa. Ikitokea mgogoro ukadai fedha zako zirudishwe, mkataba ule wa bei ndogo ndio utakaosomwa mahakamani. Kodi ya faida kisheria ni ya muuzaji. Mtaani huwa inasukumwa kwa mnunuzi kimyakimya, hivyo iandikeni kwenye mkataba nani analipa nini.

Mipaka na yaliyo nje ya mipaka

Kabla ya kumlipa mtaalamu yeyote, fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi. Ni hatua ya bei rahisi kuliko zote na inaweza kuokoa nyingine zote. Upekuzi unaonyesha mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kama hati iko rehani, kama kuna zuio, na umiliki umebakiza miaka mingapi kati ya 33, 66 au 99 iliyotolewa. Uliza pia risiti za kodi ya pango la ardhi. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa yake iandikwe na isainiwe, kwani nyumba ya familia haiuzwi na mtu mmoja, hata kama hati ina jina moja.

Hati ikiwa safi, mwite mpima. Kazi yake ni kuchukua ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, kuja kiwanjani na vifaa vyake, na kutafuta mawe ya mipaka, yale mafundi wanayoyaita bikoni. Mara nyingi moja limefukiwa, jingine limeng'olewa wakati wa kujenga uzio, la tatu liko ndani ya banda la kuku la jirani. Mpima huyarudisha mahali pake kwa namba za ramani. Usijidanganye kwa programu ya simu inayoonyesha mahali ulipo. Simu hukosea mita kadhaa, na mita tatu kwenye kiwanja cha 20 kwa 30 ni chumba kizima. Mwambie akuchoree mahali nyumba, uzio, karo na kisima vilivyokaa ukilinganisha na mipaka. Choo cha kuvuta ambacho shimo lake liko kwa jirani ni ugomvi unaoununua pamoja na nyumba.

Mwulize pia yale ambayo hayamo kwenye mstari wa mpaka. Barabara kuu zina hifadhi, na Sheria ya Barabara ya 2007 iliiongeza hadi mita 30 kutoka katikati kila upande. Barabara ya Morogoro ilikuwa na hifadhi pana zaidi ya hapo: mwaka 2017, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na nyumba na maduka ya watu waliokaa hapo miaka mingi yalipigwa alama ya X na kuvunjwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto na ziwa. Anayekuuzia nyumba yenye mandhari nzuri ya bonde la Msimbazi au Mto Mbezi hatakutajia mita hizo. Njia ya umeme mkubwa ina hifadhi yake pia. Inua macho kabla hujainua kalamu.

Na kama nyumba iko kwenye makazi yasiyopimwa? Hapo mpima hana ramani ya kulinganisha. Utakuta leseni ya makazi, ambayo ni ya muda ulioandikwa na haina uzito wa hati, au karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nyumba za namna hii zinanunuliwa kila siku na watu wanaishi kwa amani. Ila tembea na majirani wote wanne, kila mmoja aonyeshe mpaka wake na asaini, na uulize halmashauri kama eneo limepangwa kurasimishwa na barabara za mchoro zinapita wapi. Benki nyingi hazitakukopesha kwa karatasi hizo, kwa hiyo usitumie fedha kwa uthamini wa mkopo ambao hautatoka.

Jengo lenyewe

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo wanunuzi wengi wanapobana matumizi. Nyumba ya chini ya kawaida, anza kwa kuikagua mwenyewe pamoja na fundi unayemwamini, ambaye hakuletwa na dalali. Mkiona dalili zinazotia shaka, ndipo mwite mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Nyumba ya ghorofa, usianze na fundi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaporomoka Kariakoo, na safari zote mbili watu wengi walikufa. Kwa ghorofa, mhandisi atataka michoro ya miundo na kibali cha ujenzi, na anaweza kuupima uimara wa zege kwa nyundo maalumu bila kuvunja kitu. Kama kibali ni cha ghorofa mbili na nyumba ina tatu, hiyo inatosha kuondoka.

Nenda mchana, na ukiweza nenda tena wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, au siku moja baada ya mvua kubwa ya vuli. Nyumba za Mikocheni au Jangwani za mwezi Agosti si zile za Aprili. Anza nje. Tazama kama kuta zimepakwa rangi mpya mpaka usawa wa kiuno tu. Mtu hapaki rangi nusu ukuta bila sababu. Mahali ambapo rangi imevimba na kutoa unga mweupe kama chumvi, unyevu unapanda kutoka chini, na mara nyingi ni kwa sababu jamvi lilimwagwa bila nailoni ya kuzuia maji. Rangi mpya itauficha kwa msimu mmoja.

Kisha nyufa. Ufa mwembamba kama unywele uliosambaa kwenye lipu ni wa lipu, usikupe usingizi wa mang'amung'amu. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kushuka kimshazari ni habari nyingine, hasa ukitokea pande zote mbili za ukuta mmoja. Ufa unaopanda kama ngazi ukifuata maungio ya tofali unaonyesha msingi unasogea. Ukiwa mpana juu kuliko chini, upande mmoja wa nyumba unazama. Ukipita milimita 5, usimsikilize anayesema nyumba imejikalia tu, mwite mhandisi. Angalia pia kama milango inagoma kufunga na kama fremu zimepinda, maana ufa unaweza kuzibwa jana lakini mlango haudanganyi. Sehemu za Kibaha zina udongo wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, na nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida hupasuka kila mwaka hata ukiziba mara ngapi.

Karibu na bahari, tazama chini ya balkoni na chini ya zege la ghorofa. Zege likibanduka vipande na nondo zikaonekana zimekula kutu, chumvi imeingia, ama kwa upepo, ama kwa mchanga wa ufukweni uliotumika kuchanganyia. Nondo ikishika kutu huvimba na kulisukuma zege nje. Kuziba kwa saruji hakuponyi. Ni kazi ya mhandisi kusema kama inarekebishika na kwa gharama gani.

Ndani, gonga marumaru kwa sarafu. Zinazolia kama debe hazijashika. Fungua bomba zote kwa pamoja, vuta maji vyoo vyote, halafu nenda nje ufunue chemba uone kama maji yanapita au yanasimama. Uliza karo lilinyonywa lini mara ya mwisho. Jibu la "hatujawahi kunyonya tangu tujenge" si sifa, huenda maji yanakimbilia mahali usipopajua, pengine kisimani. Kisha chukua ngazi upande darini. Watu hawapandi, na huko ndiko nyumba inakosema ukweli. Tumia tochi: tafuta vichuguu vyembamba vya udongo juu ya mbao za kenchi, ambavyo ni njia za mchwa, na uchokoe mbao kwa bisibisi. Zima tochi uone kama nuru inapenya kwenye bati. Bati likiwa na maandishi ya geji, kumbuka kwamba 30 ni jembamba kuliko 28. Angalia nyaya za umeme kama zimepita kwenye mabomba au zimetupwa tu juu ya dari, na umwombe fundi umeme ahakikishe waya wa kwenda ardhini upo kweli. Namba ya mita ya LUKU iulizie deni, na ya maji vilevile.

Haya yote mwombe fundi au mhandisi ayaweke kwenye maandishi, yenye picha na makadirio ya gharama. Ripoti ya mdomo haimpunguzii muuzaji hata shilingi. Yenye makadirio, kwa mfano kenchi na bati milioni 9, karo jipya milioni 4, inakupa cha kuweka mezani.

Aliyeko mbali, awe Muscat au Minneapolis, asitegemee video ya WhatsApp aliyotumiwa na ndugu. Kamera hufuata mkono wa anayeishika. Walipe wataalamu moja kwa moja, ripoti ije kwako kabla ya kufika kwa ndugu wala dalali, na uombe picha za darini na za chemba iliyofunuliwa.

Kwa fleti mambo yanageuka kidogo. Mpaka wa kiwanja si tatizo lako peke yako, lakini uliza kama jengo limesajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, maana bila hilo huna hati ya sehemu yako, una ahadi ya mwenye jengo. Mwambie mhandisi akague paa, lifti, tangi la maji na ngazi za dharura, sio vyumba vyako tu, kwa sababu gharama za vitu hivyo mtachangia. Nyumba ambayo haijaisha, lile pagale ambalo muuzaji anakuambia "umebakiza kuezeka tu", haihitaji mthamini hata kidogo katika hatua ya mwanzo. Inahitaji mhandisi aangalie nondo zilizochomoza juu ya nguzo zimekaa kwenye mvua muda gani, kisha mkadiriaji majenzi akuambie kumalizia kutakula kiasi gani.

Kama fedha ni chache na huwezi kuwaita wote, mimi ningepanga hivi: upekuzi kwanza, bila mjadala, mpima awe wa pili kama kuna ramani, kisha mhandisi kwa ghorofa yoyote na kwa nyumba ya chini yenye dalili nilizozitaja, halafu mthamini wako mwenyewe mwisho, pale ambapo bei inakutia shaka au nyumba ni ya gharama kubwa kwa eneo lake. Anayenunua kwa mkopo atamlipa mthamini wa benki atake asitake, kwa hiyo fedha yake ya hiari iende kwa mhandisi.

Muuzaji atakuharakisha. Atasema yuko mteja mwingine kutoka Mwanza amebeba fedha taslimu. Mpe malipo madogo ya kushikilia, mbele ya wakili, kwa mkataba unaotaja siku za ukaguzi, unaomlazimu kufungua nyumba kwa wataalamu wako, na unaosema fedha zinarudi zote kama upekuzi, mipaka au jengo litaonekana na kasoro zilizoorodheshwa. Akikataa kusaini kifungu hicho cha mwisho, mwulize ni kasoro ipi anayoiogopa.